Vipuri orijino vya injini ya Land Rover ya zamani: hasa unauziwa nini?

Tangu Arusha ikusanye Land Rover kwa mamia mwezi Oktoba 2024, magari yaliyokuwa yamelala chini ya miembe na nyuma ya mabanda ya ng'ombe yameanza kutafutwa upya. Mtu anaivuta Land Rover 109 ya marehemu babu yake kutoka shambani, anaifikisha gereji, na anatamani irudi kama ilivyotoka kiwandani. Bodi ni ya aluminiamu, fundi mzuri ataikunjua. Shughuli huanza kwenye injini. Muuzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, anaapa kwamba pampu aliyonayo ni orijino. Wa Kirinyaga Road, Nairobi, anayo ya bei ya juu zaidi, naye anaapa vilevile. Kuna ya tatu kutoka Uingereza, ipo kwenye boksi lenye nembo, na nauli yake peke yake inatisha. Mwenye gari anabaki ameshika simu, hajui amwamini nani.

Inawezekana kabisa wote watatu wanasema kweli. Orijino kwenye vipuri ni kama ndugu kwetu: anaitwa ndugu wa tumbo moja, anaitwa ndugu binamu, na hata aliyetoka kijiji kimoja na wewe ni ndugu. Hakuna aliyedanganya, ila siku ya mirathi lazima ijulikane ni ndugu wa namna gani. Anayefufua gari la zamani naye inabidi aulize hivyo kabla hajatoa hela.

Kuna kipuri kilichozaliwa na gari lenyewe, yaani bloku (mwili wa injini) ileile iliyofungwa kwenye chesisi ileile siku gari linatoka kiwandani Solihull, Uingereza. Hicho hakinunuliki. Ama unacho, ama kilishaondoka. Baada yake kuna kipuri cha rika: hakikutoka kwenye gari lako, lakini ni cha aina hiyohiyo na miaka hiyohiyo, kimetolewa kwenye gari jingine la enzi zake. Halafu kuna kipuri cha boksi la kiwanda, ambacho wauzaji hukiita jenuini, kinachouzwa kwa jina la Land Rover mwenyewe, hata kama kimetengenezwa mwaka jana.

Aina inayofuata ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Land Rover haikutengeneza kila kitu chake. Umeme ulitoka kwa Lucas, kabureta zikatoka kwa Solex na baadaye Zenith, pampu ya petroli ikatoka AC. Kampuni hizo ziliuza kipuri kilekile kwa njia mbili: kimoja kikaenda kiwandani na kuingia kwenye boksi la Land Rover, kingine kikauzwa madukani kwenye boksi la Lucas au Zenith. Chuma ni kimoja, boksi tofauti, bei tofauti. Kwa hiyo anayekuuzia distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi) ya Lucas bila nembo ya Land Rover hajakupunja chochote, na anayekutoza mara mbili kwa sababu ya nembo amekuuzia karatasi.

Baada ya hapo ndipo zinakuja nakala, yaani vipuri vilivyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa kwa kufuata umbo la kile cha mwanzo. Watu wengi huziita feki, na hapo wanakosea. Nakala iliyoandikwa jina la kampuni iliyoitengeneza ni bidhaa halali. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa mbovu. Feki ni ile iliyovalishwa jina lisilo lake. Ukizichanganya hizi mbili utatupa gaskiti nzuri ya nakala na kununua feki yenye nembo ya kuvutia.

Kwa makala hii nitashikilia injini moja, kwa sababu ndiyo iliyoenea zaidi huku kwetu: ile ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2286, ambayo kila mtu anaiita 2.25. Iliingia na toleo la Series II mwaka 1958, ikaendelea kwenye IIA kuanzia 1961, na ikavuka hadi Series III iliyoanza 1971. Miaka yote hiyo kwa macho inaonekana injini moja. Sivyo.

Anza na namba, si na duka

Kosa la kwanza ni kwenda dukani na jina la gari. "Nataka pistoni za Land Rover 109." 109 ni urefu tu, inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ndani ya urefu huo, kuanzia 1967, kulikuwa pia na injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2625, na 2.25 yenyewe ina dada yake wa dizeli mwenye ujazo uleule wa 2286. Petroli ile ina mgandamizo wa 7 kwa 1 au 8 kwa 1. Dizeli ina 23 kwa 1. Ukiagiza kwa jina la gari tu, unabahatisha.

Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, mbele, upande wa kushoto wa mtu aliyekaa akitazama mbele. Huwa imefunikwa na oili iliyokauka na rangi za mafundi wa miaka hamsini. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Usiikwangue kwa msasa, kwa sababu unaweza kufuta kile unachokitafuta. Ipige picha, kisha kapige picha namba ya chesisi.

Wengi wakiziona hizo namba mbili hushtuka kwamba hazifanani, na muuzaji wa gari hushushwa bei kwa sababu hiyo. Kwenye Land Rover za miaka hii hazitakiwi kufanana. Chesisi ina mfululizo wake na injini ina wake. Kinachothibitisha kwamba hivi viwili vilizaliwa pamoja ni kumbukumbu za kiwanda, na kumbukumbu hizo zipo: hifadhi ya British Motor Museum huko Gaydon, Uingereza, hutoa hati kwa malipo, ikionyesha tarehe gari lilipoundwa, namba ya injini iliyofungwa, rangi yake na mahali lilipopelekwa. Mtu anayetaka kutumia fedha nyingi kurudisha gari kwenye uhalisia wake aanze na hati hiyo kabla ya kununua hata plagi moja.

Huku Afrika Mashariki kuna jambo la kuangalia. Tarakimu tatu za mwanzo za chesisi hueleza gari liliondokaje Uingereza. Kwa 109 ya petroli ya Series IIA yenye usukani wa kulia, 252 lilisafirishwa likiwa zima, na 253 lilisafirishwa vipande vipande ili likaunganishwe liendako. Kenya baadaye ikawa na kiwanda cha Leyland pale Thika kilichounganisha Land Rover. Magari yaliyoondoka kwenye makreti huwa na kumbukumbu pungufu, na namba ya injini huweza isiwepo kabisa kwenye hati. Hilo halimaanishi gari lako ni la mashaka. Maana yake ni kwamba utategemea ushahidi mwingine.

Herufi iliyo mwishoni mwa namba nayo usiiruke. Kwenye IIA namba huishia na A, B, C na kuendelea, na kila herufi inaashiria kwamba kiwanda kilibadilisha jambo linalomhusu fundi. Watu husoma tarakimu, wakaiacha herufi, halafu wanashangaa kipuri kimekataa kuingia.

Injini ileile, vyuma tofauti

Mfano wa wazi ni krenkshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Hadi 1980 injini ya 2.25 ilikuwa na beringi kuu tatu. Mwaka huo kiwanda kikahamia kwenye tano ili krenkshafti isijipinde. Krenkshafti ya beringi tano haiingii kwenye bloku ya beringi tatu, hata ukiibembeleza. Mtu ambaye gari lake la Series III ni la mwaka 1979 na la rafiki yake ni la 1982 anaweza kudhani wana injini moja, na kwa nje wana haki ya kudhani hivyo.

Klachi nayo ilibadilika, kutoka inchi 9 hadi inchi 9.5, na flaiwili ikabadilika nayo. Dainamo ilitoka na alteneta ikaingia Series III ilipoanza. Kabla ya hapo, kwenye IIA za awali, waya uliofungwa kwenye bodi ulikuwa wa chanya, kinyume na tulivyozoea. Mabadiliko yalikuja kuelekea mwisho wa miaka ya 1960. Fundi kijana asiyelijua hilo atafunga betri kwa mazoea, au atafunga moduli ya kisasa ya kuwashia badala ya pointi, na moduli itaungua kabla injini haijawaka.

Kabureta za Solex zilikuwa kwenye magari ya mwanzo, na Zenith 36IV ikachukua nafasi kuanzia takriban 1967. Kwa hiyo Zenith kwenye gari la 1962 ni kipuri safi cha Land Rover lakini si cha rika lake. Kama gari ni la kazi, hakuna ubaya. Kama unataka kulipeleka kwenye mashindano ya uzuri wa magari, Concours d'Elegance, pale Nairobi, majaji wanaojua wataliona.

Bahati nzuri Lucas waliacha alama. Kwenye mwili wa distribyuta, dainamo au stata kuna namba ya kifaa na pembeni namba fupi ya tarehe. Kwa vifaa vya miaka hii ni juma na mwaka. "22 68" ni juma la 22 la mwaka 1968. Sasa hesabu ni rahisi: gari lililoundwa Machi 1968 haliwezi kuwa lilizaliwa na distribyuta ya juma la 22. Hiyo iliwekwa baadaye. Ukikuta ya juma la 4 au la 6, una sababu ya kufurahi, na usikubali fundi aibadilishe kwa mpya inayong'aa.

Namba ya kipuri husomwaje

Baada ya kujua injini ni ipi, rudi kwenye katalogi ya vipuri ya kiwanda ya gari lako. Zimechapishwa upya na zinapatikana. Humo kila boliti ina mchoro na namba. Namba nyingi za zamani za Rover ni tarakimu sita bila herufi. Baadaye zikaja herufi tatu mbele: ERC na ETC utaziona sana kwenye injini, FRC kwenye gia, RTC kwenye vitu mchanganyiko.

Namba huzeeka na kurithiwa. Kiwanda kikibadilisha kitu kidogo, au kikipata msambazaji mwingine, kinatoa namba mpya na kuifuta ya zamani. Ukiagiza kwa namba ya tarakimu sita ukaletewa boksi lenye ERC, usikasirike haraka. Muombe muuzaji akuonyeshe mrithi wa namba hiyo. Akishindwa kukueleza mlolongo huo, hapo una haki ya kusita.

Jambo jingine linalopoteza watu ni namba iliyoota kwenye chuma chenyewe, ile iliyotokana na kalibu la kuyeyushia. Hiyo ni namba ya chuma kabla hakijachongwa. Chuma kimoja kikitoka kwenye kalibu kinaweza kuchongwa kwa namna mbili na kuzaa vipuri viwili vyenye namba tofauti kwenye katalogi. Kwa hiyo mtu akikutumia picha ya silinda hedi yenye namba ya kalibu inayofanana na yako, amekuonyesha kwamba ni za familia moja, basi. Muombe picha ya upande unaokaa kwenye gaskiti.

Tahadhari pia na Santana. Kule Linares, Hispania, kampuni hiyo ilitengeneza Land Rover kwa leseni tangu 1958, na polepole ikaanza kufanya mambo kwa njia yake. Vipuri vyake vinafanana sana na vya Solihull na ni imara, lakini si kila kimoja kitakaa.

Kipimo ndicho hakimu

Hata ukiwa na namba sahihi, injini ya miaka sitini imeshafunguliwa. Silinda za 2.25 zilitoka kiwandani na kipenyo cha milimita 90.47. Karakana ikizichonga zinapanuka, na pistoni lazima ziwe kubwa kwa kiasi hichohicho: inchi 0.020, 0.040 na kadhalika. Krenkshafti ikichongwa inapungua, na beringi zake lazima ziwe nene zaidi. Ukinunua seti nzuri ya pistoni za saizi ya mwanzo, za boksi la kiwanda, kisha bloku yako ikawa imeshachongwa hadi 0.040, umenunua mapambo.

Kwa hiyo fungua kwanza, pima, ndipo ununue. Usikubali kuagiza seti nzima kwa sababu kuna punguzo la bei. Peleka bloku na krenkshafti kwenye karakana ya kuchonga injini, waombe wapime kwa maikromita na wakuandikie vipimo kwa kila silinda na kila jono (sehemu ya krenkshafti inayokaa kwenye beringi). Bloku iliyofika mwisho wa kuchongwa haijafa; huvishwa slivu (bomba la chuma ndani ya silinda) na kurudishwa kwenye kipenyo cha mwanzo. Kwa bloku yenye namba inayolingana na hati ya Gaydon, gharama hiyo ni halali kabisa.

Na boliti zake ni za inchi. Fundi akikosa ya inchi akalazimisha ya milimita, hesi za bloku zinakatika, na hizo ni vigumu kuzirudisha.

Kipi kibaki cha zamani, kipi kiwe kipya

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengi wa magari ya zamani, hasa wanaoamini kwamba kila kitu cha zamani ni bora. Wanalipa pesa nyingi kwa kile kinachoitwa mpya ya stoo: kipuri kilichotengenezwa miaka ya 1960 au 1970, kikakaa kwenye rafu bila kuguswa. Kwa chuma ni hazina. Gia ya taimingi au roka ya miaka ile iliyopakwa grisi na kufungwa vizuri itadumu. Kwa mpira ni mtego. Daiframu ya pampu ya petroli, sili ya krenkshafti, paipu ya maji na mkanda wa feni huzeeka hata vikiwa kwenye boksi. Vinakauka, vinapasuka, na vinakuachia oili barabarani wiki ya kwanza. Gaskiti za koki nazo husinyaa. Vitu hivi nunua vipya vya leo kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, na usione aibu kwamba ni nakala. Kiwanda chenyewe kilikusudia vibadilishwe.

Upande wa pili ni vitu vikubwa vya chuma: bloku, silinda hedi, manifoldi, mwili wa kabureta, mwili wa distribyuta. Hivi tengeneza, usitupe. Zenith 36IV ni mfano unaoniuma. Kabureta hii ina ugonjwa mmoja unaojulikana: kifuniko chake cha juu hujipinda kwa joto, petroli inapenya isikotakiwa, gari linakataa kutulia likiwa limesimama. Fundi asiyeifahamu anatangaza kwamba kabureta imekufa. Mwenye gari ananunua kabureta ya Weber au nakala ya Zenith, na ile ya kiwanda inauzwa kama chuma chakavu. Dawa yake ni ndogo mno. Weka msasa laini juu ya kioo kinene, sugua uso wa kifuniko taratibu hadi unyooke, badilisha ringi ndogo ya mpira iliyo ndani, funga gaskiti mpya. Weber 34 ICH ni kabureta nzuri na wengi wanaitumia kwa amani. Ninachopinga ni kuitupa ya mwanzo kwa ugonjwa wa nusu siku.

Kwenye vipuri vya kuwashia, nakala za siku hizi zina sifa mbaya inayostahili. Angalia rota ya distribyuta: ile ambayo kipande chake cha shaba kimeshikiliwa kwa ripiti imewaangusha wengi, kwa sababu umeme huweza kupenya kwenye ripiti kwenda kwenye shafti. Tafuta isiyo na ripiti. Kondensa nazo zikague. Ukipata ya zamani inayofanya kazi, iache ilipo na ile mpya ibaki kwenye gari kama akiba.

Wapi pa kutafuta

Kwa chuma kikubwa, anza hapahapa. Magari haya yalitumika na polisi, idara za wanyamapori, misheni na mashamba, na yalipochoka hayakusafiri mbali. Arusha, Moshi, Iringa, Naivasha na Nanyuki bado kuna viwanja vya gereji za zamani vyenye bloku na hedi zilizopangwa ukutani. Wazee waliozifungua injini hizi zikiwa mpya bado wapo. Mzee wa namna hiyo msalimie vizuri, kaa naye, muulize. Ataitambua hedi kwa kuitazama, na atakuambia ilitoka gari gani.

Vitu vidogo na vyepesi, kama beringi, sili, gaskiti na vifaa vya kabureta, agiza Uingereza, ambako soko ni pana na katalogi zinafuata namba za kiwanda. Ukiwa na ndugu huko anayeweza kufika Beaulieu, Hampshire, kuna soko la vipuri vya zamani lililoanza 1967, ambalo hufanyika Septemba. Mpe orodha yenye namba na picha za kile ulichonacho, si majina.

Kila unapoongea na muuzaji, omba picha ya alama zilizogongwa kwenye chuma, picha ya boksi pande zote, na kipimo kimoja utakachokitaja wewe. Mwenye mali halisi hupima na kujibu. Kipuri cha zamani usikikabidhi dukani kibadilishwe kwa kipya hadi kipya kiwe kimekaa kwenye injini na injini imewaka.

Ikiwa bloku imebadilishwa

Wengi mtagundua kwamba injini mliyonayo siyo iliyozaliwa na gari. Kwenye karakana za serikali na za mashamba, injini zilihamishwa kutoka gari moja kwenda jingine ili kazi isisimame, na baadaye wengi waliziondoa kabisa wakaweka dizeli za Kijapani. Kama umepata 2.25 ya rika sahihi, ifunge na uitumie kwa furaha. Gari lako linabaki kuwa Land Rover ya kweli yenye injini ya rika lake.

Kuna mafundi watakaokushawishi ufute namba iliyopo na kugonga ile iliyo kwenye kadi ya gari, eti ili "iwe orijino". Kataa. Kwa Tanzania, namba ya injini imo kwenye kadi ya TRA, na Kenya imo kwenye kumbukumbu za NTSA. Kubadilisha injini kunaripotiwa na kurekodiwa, na kughushi namba ni kosa la jinai. Isitoshe, bloku iliyokwanguliwa hupoteza hata ule ukweli wake mwenyewe, kwa sababu hakuna tena atakayejua ilitoka gari gani. Iache namba yake, peleka nyaraka za ununuzi kwenye mamlaka, na kama bloku ya mwanzo bado ipo hata ikiwa imepasuka, ipake oili, ifunge turubai, uihifadhi pamoja na gari. Chuma cha namna hiyo huweza kushonwa, na atakayelirithi gari anaweza kuwa na fedha ambazo wewe leo huna.